"Ulisema Moja": Daktari wa Familia, Kariakoo na Mwongozo Unaobadilika



Nimeombwa nizungumzie chanjo za magonjwa ya mlipuko na kazi ya daktari wa familia. Nitaanza na deni langu. Agosti 2021, siku chache baada ya chanjo ya UVIKO-19 kufunguliwa kwa wananchi, mama mmoja anayeuza kanga kwa doti na kwa korija aliniuliza, "Daktari, ni sindano ngapi?" Nikamjibu, "Moja tu mama, ukichoma umemaliza." Akaenda akachanjwa. Sikumdanganya. Chanjo iliyokuwapo nchini ni ya Janssen, na mwongozo wake ulitaka dozi moja. Desemba ya mwaka huohuo washauri wa chanjo wa Shirika la Afya Duniani wakasema dozi ya pili ina faida. Mama aliporudi mwaka uliofuata kupima presha, nikamwambia aongeze nyingine. Akanikazia macho: "Daktari, ulisema moja."

Nikamjibu kwamba utafiti umeendelea, nikainama kwenye faili lake kana kwamba kuna jambo la haraka limeandikwa humo. Aliondoka bila kuchanjwa. Jioni ya leo najaribu kumjibu tena.

Kwanza tukubaliane daktari wa familia ni nani. Vitabu tunavyofundishia vinamchora mtu mwenye orodha ya kaya zake, anayewajua babu na mjukuu. Mjini kwetu walikuwapo wa namna hiyo, wenye zahanati zao za ghorofa ya chini. Kisha ikaja sheria ya 1977 iliyopiga marufuku tiba binafsi ya kibiashara. Ilipolegezwa mwaka 1991, wengi walikuwa wameshafunga, wamehama au wamezeeka. Kwa hiyo ukimuuliza mpakia mizigo wa Mtaa wa Msimbazi daktari wake ni nani, atakutajia afisa tabibu wa zahanati ya jirani, au muuguzi anayemchoma mkewe sindano ya uzazi wa mpango, au dada wa famasi anayemkopesha dawa za presha hadi mzigo uuzwe. Hao ndio madaktari wa familia wa Kariakoo, na ninaposema "sisi" leo nawahesabu wote. Mtu hawaendei kwa sababu ya cheti kilichotundikwa ukutani. Anawaendea kwa sababu wiki iliyopita walimwambia jambo, na likawa.

Mtaa wenyewe una kumbukumbu ndefu kuhusu watu wa afya, na si kumbukumbu tamu. Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika katika Vita Kuu ya Kwanza, waliowekwa kambi hapo baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Miaka ya 1920 watawala haohao waliuacha uwanja wa Mnazi Mmoja mtupu, uwe kizuizi kati ya Uhindini na makazi ya Waafrika, na hoja yao mojawapo ilikuwa usafi: maradhi ya ng'ambo hii yasivuke kwenda ng'ambo ile. Ninapita hapo karibu kila asubuhi. Watoto wanacheza mpira, watu wanapumzika chini ya miti, na wachache wanajua kwamba nafasi ile ilipimwa kwa hofu dhidi ya babu zao. Pembeni yake leo ipo hospitali. Mtu wa Kariakoo anayekwenda kuchanjwa pale anaukanyaga mpaka uliochorwa kumzuia.

Sasa nije kwenye mwaka tusioupenda kuuzungumza. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, akiwa Arusha. Mapema Mei hesabu rasmi ikasimama: wagonjwa 509, vifo 21. Ikakaa hapo zaidi ya mwaka. Ugonjwa wenyewe haukusimama nayo, na lugha ikatafuta pa kujificha. Tukaanza kusema "changamoto ya upumuaji". Nami niliandika "nimonia kali" kwenye mafaili, na sikuwa nimekosea kitabibu. Nilikuwa tu nimesema nusu. Watu wakapiga nyungu, tangawizi na malimau vikapanda bei sokoni. Tarehe 27 Januari 2021, akiwa Chato, Rais Magufuli alizitilia shaka chanjo hadharani, akauliza iweje chanjo ya ugonjwa huu ipatikane ilhali ya UKIMWI na ya kifua kikuu hazijapatikana. (Ya kifua kikuu ipo. Ni ile BCG iliyotuachia wengi wetu kovu begani, ingawa inawakinga watoto wadogo kuliko watu wazima. Lakini mimi sikulisema hilo kwa sauti wakati ule, kwa hiyo leo sina haki ya kujifanya jasiri.)

Halafu mambo yakageuka kwa miezi michache. Rais Samia aliapishwa tarehe 19 Machi 2021, akaunda kamati ya wataalamu. Tarehe 24 Julai zikatua dozi 1,058,400 za Janssen. Tarehe 28 akachanjwa Ikulu, kamera zikiangalia, akijitambulisha kuwa ni mama na bibi, mtu anayetegemewa na wengi, asiyeweza kujipeleka kwenye hatari akijua. Kwa Kariakoo, Julai ile ilikuwa na habari nyingine: usiku wa tarehe 10 soko kuu, jengo la msanifu Beda Amuli lililotumika tangu miaka ya 1970, liliungua. Fikirini mfanyabiashara aliyepoteza mtaji, bado ana mkopo benki, anaambiwa akapange foleni kwa ajili ya ugonjwa ambao mwaka mzima aliambiwa haupo, apate chanjo ambayo miezi sita kabla aliambiwa haifai, kisha aweke sahihi kwamba amekubali kwa hiari yake. Wenzetu wengi walimwita mjinga. Mimi namwona ni mtu anayesoma vizuri, ila kitabu alichopewa kilikuwa kimechanwa kurasa za katikati.

Wala tusidhani woga ulikuwa wa wateja peke yao. Wahudumu wa afya walikuwa kundi la kwanza kwenye orodha, na nawajua waliokuwa wa mwisho kwenye foleni. Jambo hili si geni katika pwani yetu. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui ya kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin wa Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alikuwa mpishi wa hospitali, na alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Akapona. Miaka mingi baadaye akawa anazunguka kuwahimiza wazazi wachanje watoto dhidi ya polio, akiwasimulia kosa lake mwenyewe, na kazi hiyohiyo alikuwa nayo malaria ilipomuua Julai 2013. Sijui kipeperushi kinachoweza kufanya alichofanya mtu yule.

Niwape picha moja ya kazini. Kichupa cha Janssen kina dozi 5, na kikishatobolewa kina saa 6 tu, tena ndani ya jokofu. Kituo kimoja nilichowahi kusaidia kilikuwa hakifungui kichupa mpaka wafike watu watano, kwa kuogopa kumwaga. Tulikuwa kama daladala inayosubiri kujaza. Anakuja mama lishe, ameacha sufuria jikoni, anaambiwa, "Subiri, bado wanne." Hasubiri. Na kesho harudi. Siku zile tuliokoa matone tukapoteza watu, na ukiniuliza leo, nasema toboa kichupa. Nguvu ilikuja tulipoacha kusubiri tukafuata watu stendi, sokoni na milangoni. Mwanzo wa 2022 waliokamilisha chanjo nchini hawakufika asilimia 5. Mwaka uliofuata walikuwa takriban nusu ya wananchi.

Wapo waliokuja wenyewe, tena mbio: wasafiri. Mfanyabiashara wa Guangzhou au Dubai alijua aina za chanjo kuliko mwanafunzi wangu wa mwaka wa nne, kwa sababu cheti kilikuwa sehemu ya nauli. Mahujaji wa 2022 walitakiwa wawe wamechanjwa na wawe chini ya miaka 65, jambo lililowaliza wazee wengi. Tuliwacheka kwamba wanachanjia pasipoti. Lakini sikuona ubaya wowote wa kufanya hivyo. Kinga haiulizi ulimfuata nani.

Na mwongozo wa sasa? Dharura ya kimataifa ya UVIKO-19 ilifutwa tarehe 5 Mei 2023, virusi vikabaki. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa Novemba 2023 umepunguza mzigo: kwa mtu mzima ambaye hajawahi kuchanjwa, dozi moja inatosha katika hali nyingi, kwa kuwa wengi wetu tumeshakutana na kirusi chenyewe. Kurudia si kwa kila mtu. Wanaolengwa ni wazee, wenye kisukari, moyo na maradhi mengine ya kudumu, na wahudumu wa afya, kwa kadiri ya mara moja kwa mwaka. Walio wazee sana au wenye kinga dhaifu, ikiwemo anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka, huweza kuhitaji mapema zaidi. Mjamzito apewe dozi katika kila mimba. Kijana mzima wa afya anayesukuma mkokoteni Mtaa wa Congo, usimfukuze na sindano kila mwaka. Na chanjo zenyewe zimekuwa zikitengenezwa upya kufuata sura mpya za kirusi: mwaka 2023 zilifuata XBB.1.5, mwaka 2024 zikafuata JN.1. Janssen tuliyoanza nayo, Marekani iliiwekea mipaka mwaka 2022, kwa sababu ya tatizo la nadra la damu kuganda. Mgonjwa akikuuliza habari hiyo, mjibu kwamba ni kweli, umwambie na unadra wake. Ataisikia tu, na ni afadhali aisikie kwako.

Wala si korona peke yake. Mpox ilithibitishwa nchini Machi 2025, miezi miwili baada ya Marburg kurudi Kagera. Kila ugonjwa utakuja na karatasi yake, na karatasi hiyo itabadilishwa kabla wino haujakauka.

Yule mama wa kanga alirudi baada ya miezi kadhaa. Safari hii niliweka kalamu chini, nikamwambia nilikosea neno moja: nilisema "umemaliza", nilipotakiwa kusema "kwa tunavyojua leo". Nikamweleza kilichoonekana tangu siku ile. Akasikiliza, akanyoosha kanga yake begani.

"Sasa hapo si ungesema tangu mwanzo?" akasema. "Mimi mteja akija jana nikamwambia doti bei hii, leo amekuta imepanda, anagomba. Nikimwambia kontena jipya, ushuru umepanda, anaguna, analipa. Nikikaa kimya nikimpandishia tu, haji tena. Mwanangu, wewe ulikaa kimya."

Akakunja mkono wa gauni. Muuguzi alipomaliza, mama akanipa cheti.

"Andika mwenyewe, hapo nyuma. Andika 'kwa leo', uweke na tarehe."

Nikaandika. Akakifunga kwenye pindo la kanga pamoja na noti zake, akarudi dukani.