Bata Bukini Shambani: Bunduki, Sumu na Njia Zilizo Halali

(Maelezo ya afisa wa kilimo wa nyanjani kwa baraza la wakulima, Kosele)



Swali ambalo wakulima wananiuliza sana msimu huu ni la bata bukini. Wanashuka alfajiri kwenye mahindi machanga, na kabla ya wiki kwisha mistari mizima imeliwa. Kisha mtu ananivuta kando: "Afisa, kuna mtu ana bunduki ya marisau. Tutumie marisau ya namba gani?" Nitalijibu swali hilo waziwazi. Mkielewa jinsi bunduki hiyo inavyofanya kazi, mtaona wenyewe kwa nini haifai hapa kwetu.

Bunduki ya marisau hurusha chembe nyingi kwa pamoja, nazo hutawanyika kadiri zinavyokwenda. Mdomo wa mtutu ukibanwa, chembe hukaa pamoja kwa umbali mrefu zaidi. Kubanwa huko ndiko wenye bunduki wanakuita choki. Kwa umbali wa mita 36 hivi, mtutu usiobanwa huingiza takriban asilimia 40 ya chembe katika duara lenye upana wa sentimita 76. Uliobanwa kabisa huingiza kama asilimia 70.

Chembe nazo zina namba, na namba ikipanda chembe inakuwa ndogo. Kwa vipimo vya Marekani, namba 4 ina upana wa milimita 3.3, namba 2 ina milimita 3.8, na ile inayoitwa BB ina karibu milimita 4.6. Bata bukini ni ndege mzito mwenye manyoya mengi, kwa hiyo wawindaji wa huko hutumia namba 2 hadi BB. Tangu 1991, Marekani imekataza chembe za madini ya risasi katika uwindaji wa ndege wa majini, na wengi wakahamia chuma. Chuma ni chepesi zaidi, hivyo huchagua chembe kubwa kidogo. Tena hakibonyei, chembe zake hukaa pamoja zenyewe, kwa hiyo hawabani sana mtutu.

Kwa nini walikataza? Chembe zilizokosa shabaha huzama kwenye matope. Bata humeza vijiwe vya kumsaidia kusaga chakula, na humeza chembe hizo pia akidhani ni changarawe. Sumu yake humuua polepole. Kenya yetu imo katika AEWA, mkataba wa kulinda ndege wa majini wanaohamahama, nao unataka chembe za risasi ziondolewe kwenye maeneo ya majimaji.

Sasa turudi Kosele. Kwanza, sheria. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inasema kuwinda kwa mchezo ni kosa, na kuwinda kwa kitoweo pia ni kosa. Cheti cha kumiliki bunduki hakimpi mtu ruhusa ya kuua ndege wa porini. Mahindi yaliyoliwa yanaweza kupandwa tena, lakini baba akifungwa, ada ya shule italipwa na nani?

Pili, usalama. Chembe ya namba 2 inaweza kufika karibu mita 300 kabla ya kuanguka. Boma zetu zimekaribiana. Ndani ya mita 300 kuna jikoni la jirani, kuna mtoto anayechota maji, kuna ng'ombe malishoni.

Tatu, haisaidii. Kundi likitawanywa kwa mlio leo, kesho linarudi. Wale waliojeruhiwa wanakwenda kufia kwenye matete.

Wengine wanafikiria sumu. Hiyo ni mbaya kuliko bunduki. Kule Bunyala, Kaunti ya Busia, watu walitumia Furadan kuua ndege kwenye mashamba ya mpunga, kisha ndege hao wakauzwa na kuliwa. Aliyenunua kitoweo alinunua na sumu. Sumu haichagui: inaua kuku wako, mbwa wako, na inaingia kwenye maji.

Tufanye nini basi? Bata bukini wa Misri, yule wa rangi ya kahawia mwenye baka la kahawia iliyokolea kuzunguka jicho, ana tabia zinazojulikana. Anapenda shamba lililo wazi karibu na maji, mahali anapoweza kuona adui kwa mbali. Mara nyingi hutoka majini akitembea. Basi:

Moja, funga kamba upande wa maji, kimo cha goti na chini yake. Zitamzuia kupita kwa miguu.

Mbili, tandaza kamba nyingine juu ya shamba, ufunge vipande vya nailoni au kanda za kaseti. Kundi halipendi kutua mahali penye vizuizi.

Tatu, sanamu ya kutishia ndege isikae mahali pamoja. Ihamishe kila baada ya siku mbili tatu. Bata si mjinga. Akiizoea ataisimamia kichwani.

Nne, acha matete au panda ua mrefu kati ya mto na shamba. Asipoona mbele, hakai.

Tano, pandeni pamoja. Shamba moja likichipua peke yake, ndege wote wanakuja hapo. Mkipanda wiki moja, hasara inagawanyika, na zamu za kulinda alfajiri na jioni zinagawanyika pia. Wiki za kwanza baada ya kuchipua ndizo za hatari zaidi.

Sita, baada ya mavuno okoteni punje zilizomwagika. Ndizo zinazowaita.

Kuhusu fidia, nisiwadanganye. Sheria ya 2013 imeorodhesha wanyama ambao uharibifu wao wa mazao unaweza kulipwa, kama kiboko na ndovu. Bata bukini hayumo. Hata hivyo, hasara ikiwa kubwa, piga ripoti kwa chifu, kwa ofisi ya kilimo ya wadi na kwa KWS. Taarifa za wakulima wengi zikiwekwa pamoja ndizo zinazotupa nguvu ya kuomba msaada.

Mkono mmoja haulei mwana, na shamba moja halifukuzi ndege. Kabla hatujaondoka hapa, wenye mashamba ya kando ya mto wakae pamoja wapange zamu. Mimi nitakaa nao.