Fishi Yako Inalala Wapi? Mazungumzo na vijana wa Butembo



Leo tutaongea juu ya karatasi: ile fishi munganga anayoandika mukienda kujitibisha.

Mwenzetu mmoja alipimwa VIH katika kituo kimoja cha afya. Kabla hajapewa majibu, mtaa ulikuwa umekwisha kujua. Fishi ilikuwa juu ya meza, mtu akapita, akasoma. Basi. Tangu siku ile hakurudi kuchukua dawa. Ndiyo maana tunasema hili si jambo la watu wa kompyuta peke yao. Ni jambo la kuishi ao kufa.

Sisi hapa tunalijua vizuri. Kati ya mwezi wa 8 2018 na mwezi wa 6 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2 200 upande huu wa inchi. Iko watu walipona, wakarudi nyumbani, majirani wakawakimbia. Jina likishatembea mtaani pamoja na ugonjwa, kulirudisha ni vigumu.

Vijana wengi wanatuuliza: blokcheni haiwezi kumaliza hii taabu? Tuichukue kwa mfano wa AVEC, ile ya mama zetu. Sanduku lina makufuli matatu, funguo ziko kwa watu watatu. Mwisho wa mkutano hesabu inasomwa kwa sauti, kila mtu anaishika kichwani. Mwandishi akibadilisha namba usiku, mkutano unaofuata wote watamwambia: hapana, haikuwa hivyo! Blokcheni ni vilevile. Kompyuta nyingi zinashika daftari moja, na kila ukurasa unabeba alama ya ukurasa uliotangulia. Ukigusa mmoja kwa siri, inajulikana.

Lakini angalieni: hesabu ya AVEC inasomwa kwa sauti, ugonjwa wa mtu hausomwi kwa sauti. Tena, kilichoandikwa mule hakifutiki. Kwa hiyo ugonjwa wenyewe usiandikwe mule hata kidogo. Kinachowekwa ni alama tu ya kuonyesha kama fishi imebadilishwa, ao nani aliifungua na saa ngapi. Fishi yenyewe inabaki imefungwa pengine.

Estonia, inchi ndogo ya Ulaya, ilianza kutumia teknolojia ya namna hiyo mwaka 2016 kulinda rejista zake za afya. Kule mgonjwa anaingia kwa kitambulisho chake, anaona nani alifungua fishi yake. Akitaka, anaifungia waganga wasiione.

Hapo ndipo tunataka mushike neno. Blokcheni haifungi kinywa cha mtu. Munganga mwenye ruhusa akisoma leo na kusimulia kesho, mashine itasema tu kwamba alifungua. Kumuuliza kwa nini ni kazi ya sheria, na sheria tuko nazo. Katiba, kifungu cha 31, inalinda maisha ya faragha. Sheria ya tarehe 14/7/2008 inakinga watu wanaoishi na VIH. Kode ya numeriki ya tarehe 13/3/2023 inalinda data za mtu. Zinangoja raia wa kuzidai.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, na mawili ya kwanza hayahitaji hata umeme:

1. Kila kituo kiweke fishi ndani ya kabati lenye kufuli, na daftari ya kuandika kila anayefungua.

2. Mgonjwa akiomba kuona hiyo daftari, aonyeshwe.

3. Mradi wowote wa kuingiza afya yetu mu kompyuta, uwe wa serikali ao wa wafadhili, utuelezee kwanza, kwa Kiswahili: data zitakaa wapi, nani atashika ufunguo, na mgonjwa atalalamika kwa nani. Bila majibu hayo, hata ukiitwa blokcheni, ni fishi ileile juu ya meza.

Wandugu, waganga si adui zetu. Wengi wanafanya kazi bila mshahara, bila hata kabati. Lakini mukienda kituoni, ulizeni kwa heshima: "Munganga, fishi yangu inalala wapi?" Mmoja akiuliza, watamcheka. Tukiuliza sisi wote, watatafuta kufuli.