Sofa Isubiri Jumatatu

Kesi ya mji wa Paramus dhidi ya jumba la maduka la American Dream, New Jersey, kuhusu mauzo ya Jumapili, si ugomvi wa dini. Kaunti yao ya Bergen hairuhusu kuuza nguo, samani wala jokofu siku ya Jumapili; mkate na dawa ruksa. Mwaka 1993 wakazi walipiga kura, wakaikumbatia sheria hiyo. Wanataka barabara isiyo na foleni walau siku moja, na nani atawalaumu? Lakini yupo anayeumia. Mwaka 1961 wafanyabiashara Wayahudi wa Philadelphia, wanaofunga maduka Jumamosi kwa imani yao, waliililia Mahakama ya Juu ya Marekani kuhusu sheria kama hiyo. Wakashindwa. Siku mbili bila mauzo, na kodi ya pango iko palepale.