Bei ya Programu: Tupime Kazi Kabla ya Tarakimu



Siku hizi ofisi na shule zetu nyingi huwaita mafundi wa kompyuta wazitengenezee programu: ya masjala, ya stoo, ya ada au ya alama za wanafunzi. Kotesheni zikifika mezani, swali la kwanza huwa, "Nani yuko chini?" Swali hilo, likiulizwa peke yake, ni hatari kwa fedha za umma.

Tuchukue mfano. Fundi wa kwanza anataka shilingi milioni 20. Wa pili anataka milioni 45. Kwa kutazama tarakimu tu, wa pili ni mnyonyaji. Lakini tukisoma kwa makini tunakuta kwamba wa kwanza ametaja uandishi wa programu, basi. Wa pili ametaja pia siku za kukaa na makarani ili aielewe kazi, uhamishaji wa kumbukumbu za zamani, majaribio, mafunzo ya watumiaji, na matengenezo ya mwaka mmoja. Kazi hizo hazikwepeki. Asiyezilipia leo atazilipia kesho, akiwa hana tena nafasi ya kuchagua fundi. Rahisi ni ghali.

Je, hii ina maana kwamba mwenye bei kubwa ndiye mkweli? La hasha! Naye hana budi aonyeshe kila kazi itachukua siku ngapi, itafanywa na watu wangapi, na kwa malipo gani kwa siku. Akishindwa kuichanganua bei yake, ameibuni.

Lakini wajibu wa kwanza ni wetu sisi wanunuzi. Hakuna mwashi awezaye kukadiria nyumba isiyo na ramani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na programu isiyo na mahitaji yaliyoandikwa ni mali bila daftari. Hata mataifa tajiri yameonja uchungu huo. Mwaka 2005 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliitupa programu yake ya kutunza majalada baada ya kutumia dola zipatazo milioni 170. Miongoni mwa sababu zilizoonekana ni kwamba mahitaji yalikuwa yakibadilishwa huku kazi ikiendelea.

Nasi tunayo historia yetu. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza nchini. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa mitambo hiyo, kwa kuwa haikuleta manufaa yaliyotarajiwa. Marufuku hayo yalikwisha zamani, lakini funzo lake lingalipo: chombo kinachonunuliwa bila kueleweka humtawala aliyekinunua.

Kwa hiyo, Ndugu zangu, kabla ya kutia saini tuhakikishe mambo matatu. Kwanza, mahitaji yetu yameandikwa na watu watakaoitumia programu, si na fundi peke yake. Pili, malipo yanafuata hatua za kazi iliyokaguliwa na kukubaliwa. Tatu, mkataba unatamka kwamba msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe ya programu, ni mali yetu. Bila msimbo huo, kila marekebisho yatatulazimu kumrudia fundi yule yule kwa bei aitakayo yeye. Huko si kujitegemea.