SRI LANKA: UMOJA ULIOVUNJWA KWA SHERIA



Yapo mazoea, kila yanapozungumzwa mambo ya makabila madogo na umoja wa taifa, ya kuyaweka mambo hayo mawili kwenye mizani kana kwamba moja likiongezeka lingine halina budi kupungua. Husemwa kwamba taifa changa haliwezi kumsikiliza kila mtu. Kwamba walio wachache wakipewa haki kwa jina lao leo, kesho watadai bendera yao. Hoja hiyo hutolewa mara nyingi na watu wanaoipenda nchi yao kwa dhati, na kwa hiyo haifai kupuuzwa. Lakini ipo nchi moja, katika Bahari ya Hindi hii hii, iliyoifuata hoja hiyo hatua kwa hatua, kwa kura halali na kwa sheria zilizopitishwa bungeni. Nchi hiyo ni Sri Lanka, ambayo hadi mwaka 1972 iliitwa Ceylon.

Ceylon haikuanza vibaya. Watu wazima, wanaume kwa wanawake, walipata haki ya kupiga kura mwaka 1931, kabla ya wanawake wa Ufaransa. Uhuru ulipatikana tarehe 4 Februari 1948 bila vita. Wasinhala, ambao wengi wao hufuata dini ya Buddha, walikuwa kiasi cha watu saba katika kila kumi. Watamil wa kaskazini na mashariki, wengi wao Wahindu, walikuwa wamekaa kisiwani kwa karne nyingi, wala hawakuwa wageni wa mtu. Waislamu, ambao wengi wao husema Kitamil, walihesabiwa kuwa jamii ya peke yao. Na kwenye milima ya katikati walikuwapo Watamil wa namna nyingine, wajukuu wa vibarua walioletwa na Waingereza kutoka India ya Kusini katika karne ya 19 kulima kahawa na baadaye chai. Anayezijua habari za manamba wa mashamba ya mkonge hana haja ya kuelezwa maisha ya watu hao.

Hao wa mwisho ndio waliotolewa nje kwanza. Uhuru haujatimiza mwaka, Bunge likapitisha Sheria ya Uraia ya 1948, iliyomtaka mtu athibitishe kwamba baba yake alizaliwa kisiwani, au kwamba babu yake na baba wa babu yake walizaliwa huko. Kibarua aliyezaliwa katika kibanda cha shambani angeitoa wapi hati ya babu yake? Watu wapatao 700,000 wakawa hawana nchi, na mwaka uliofuata wakaondolewa katika upigaji kura. Chai ndiyo iliyoiletea Ceylon fedha za kigeni, na walioichuma chai hiyo hawakuwa raia. Tena sababu haikuwa kabila peke yake. Wakubwa wa chama kilichokuwa kikitawala waliogopa pia kwamba vibarua wale wangezidi kuvipa kura vyama vya mrengo wa kushoto. Mwaka 1964 Serikali za India na Ceylon ziliwagawana watu 975,000: 525,000 waende India, 300,000 wabaki Ceylon, na 150,000 wangojee hadi siku nyingine. Wenyewe hawakuulizwa. Sheria ya kuwapa uraia wale waliosalia kisiwani bila nchi ilipitishwa mwaka 2003, miaka 55 baada ya kunyang'anywa.

Kiongozi mmoja wa Watamil wa kaskazini, S.J.V. Chelvanayakam, aliachana na wenzake kwa ajili ya vibarua wale, akaanzisha Chama cha Shirikisho mwaka 1949. Wengi walimwona mtu wa kujitia hofu bure. Haikupita miaka saba.

Jambo la lugha lilianza kama dai la haki, na hili lafaa litiliwe mkazo. Mkoloni aliiacha serikali inayosema Kiingereza, lugha isiyojulikana kwa walio wengi. Mkulima alipelekewa hati ya mahakama asiyoweza kuisoma. Wananchi walidai lugha zao, kwa wingi: mwaka 1944 Baraza la Taifa lilikubaliana kwamba Kisinhala na Kitamil vyote viwili vichukue nafasi ya Kiingereza. Lakini katika uchaguzi wa 1956 S.W.R.D. Bandaranaike, bwana aliyesomea Oxford, aliahidi Kisinhala peke yake. Akashinda, na mwaka huo huo Kisinhala kikawa lugha rasmi pekee ya Ceylon. Dai lililoelekezwa kwa mkoloni likageuzwa likaelekezwa kwa jirani.

Sheria hiyo ilifika kwa Watamil mezani, kwa waraka wa ofisi. Kaskazini ya Ceylon ni nchi kavu yenye ardhi haba. Wamisionari wa Kimarekani walifungua shule huko Jaffna tangu mwanzoni mwa karne ya 19, na vijana wakategemea masomo kama wenzao wa kusini walivyotegemea mashamba. Ndiyo sababu Watamil walikuwa wengi serikalini kuliko hesabu yao. Sasa wakaambiwa wafanye mtihani wa Kisinhala ama waishie walipo. Karani mmoja wa serikali aitwaye Kodeswaran alikataa kufanya mtihani huo, na mwaka 1962 akanyimwa nyongeza yake ya mshahara. Akaishtaki Serikali. Mwaka 1964 mahakama ya wilaya ilimpa ushindi, ikisema sheria ya 1956 ilipingana na kifungu cha Katiba kilichokataza kuibagua jamii moja. Serikali ikakata rufani. Mahakama Kuu haikuligusa suala la lugha. Ilisema tu kwamba mtumishi hana haki ya kuishtaki Serikali kwa ajili ya mshahara. Kesi ikapelekwa London, ambako mwaka 1969 majaji walisema haki hiyo anayo, wakairudisha Ceylon ili swali lenyewe liamuliwe. Halikuamuliwa kamwe. Nyongeza ya karani mmoja, fedha ndogo sana, iliiweka nchi nzima mbele ya swali lake kubwa, na nchi ikaona heri kutojibu.

Baada ya ofisi ikaja zamu ya darasa. Mwaka 1971 kijana aliyefanya mtihani kwa Kitamil alihitaji alama 250 katika 400 ili aingie kusomea uganga. Aliyefanya kwa Kisinhala zilimtosha 229. Waliotunga mpango huo walikuwa na hoja, kwa kuwa watoto wa vijijini kusini walisoma katika shule duni zisizo na maabara, na kuwaacha hivyo hivyo haingekuwa haki. Tanzania nayo ilitenga nafasi za sekondari kwa kufuata mikoa, na walimu wa wakati ule wanayakumbuka manung'uniko yaliyotoka sehemu zilizotangulia kupata shule za misheni. Tofauti ni kwamba huku kipimo kilikuwa mahali na uhaba wa shule. Kule, mwanzoni, kilikuwa lugha ya mama. Kijana wa Kitamil kutoka kijiji maskini kabisa aliambiwa alama zake ni pungufu kwa sababu ya kinywa alichozaliwa nacho. Mgawo wa wilaya ulipoletwa baadaye, hakuna aliyeuamini.

Hapana budi kusema pia habari za wanasoshalisti wa Ceylon, maana zinauma. Mwaka 1956 vyama vya kushoto viliipinga sheria ya lugha bungeni kwa ushujaa. Colvin R. de Silva, yeye mwenyewe Msinhala, aliwaonya wabunge kwamba lugha mbili zingewapa nchi moja, na lugha moja ingewapa nchi mbili. Hakuna aliyeona mbali kuliko yeye. Lakini mwaka 1970 chama chake kiliingia katika serikali ya mseto, naye akawa waziri aliyeshughulikia Katiba mpya. Katiba hiyo ya 1972 ilikithibitisha Kisinhala kuwa lugha rasmi, ikaipa dini ya Buddha nafasi ya kwanza, na kile kifungu cha zamani kilichokataza ubaguzi wa jamii hakikurudishwa kama kilivyokuwa. Ukweli alikuwa nao mwaka 1956 alipokuwa upinzani. Alipopata wizara, hakuwa nao tena, au alikuwa nao akaufunga sandukuni.

Na je, Msinhala maskini alipata nini? Vijana waliosoma kwa Kisinhala walimaliza shule wakakuta kazi hazipo, na kazi nzuri zilizokuwapo bado zilikwenda kwa wajuao Kiingereza, ambacho vijana wenyewe walikiita kwa dhihaka "upanga". Mwezi Aprili 1971 maelfu yao walichukua silaha dhidi ya Serikali, nao walikuwa Wasinhala kwa Wasinhala. Sheria iliyopitishwa kwa jina lao haikuongeza kiwanda wala shamba hata moja.

Damu ilikuwa imekwisha kumwagika zamani. Bandaranaike alifikia mapatano na Chelvanayakam mwaka 1957, akayavunja mwaka 1958 baada ya watawa wa Buddha kukaa mbele ya nyumba yake. Mwezi uliofuata zikazuka ghasia kubwa, na mwaka 1959 yeye mwenyewe akauawa kwa risasi na mtawa. Mwaka 1981 maktaba ya Jaffna ilichomwa moto usiku, polisi wakishutumiwa, ikateketea na vitabu vipatavyo 97,000 pamoja na miswada ya kale iliyoandikwa juu ya majani ya mvumo. Mwezi Julai 1983, baada ya waasi kuwaua askari 13 kaskazini, makundi ya watu yalipita mitaa ya Colombo yakichoma nyumba na maduka ya Watamil. Waliouawa hukadiriwa kuwa kati ya mia kadhaa na 3,000. Yasemekana na mashahidi wengi kwamba baadhi ya makundi hayo yalikuwa na nakala za daftari la wapiga kura, na kwa hizo yalizitambua nyumba. Kila mtumishi aliyepata kuandika orodha ya wananchi na alifikirie hilo.

Mwezi uliofuata Bunge liliibadili Katiba, likamtaka kila mbunge aape kwamba hatatetea kujitenga. Wabunge wa Kitamil, ambao tangu 1977 ndio waliokuwa upinzani rasmi, walikataa kula kiapo wakapoteza viti. Waliobaki kuwasemea Watamil wakawa wenye bunduki. Nao wenye bunduki hawakuwa malaika. Chui wa Ukombozi wa Tamil waliwaua viongozi wa Kitamil waliotaka mazungumzo, na mwezi Oktoba 1990 waliwafukuza Waislamu wote wa Jimbo la Kaskazini, makumi ya maelfu ya watu waliosema Kitamil kama wao. Wale wa mjini Jaffna walipewa muda wa saa mbili tu. Aliyelalamika kwamba wengi wamemnyima nafasi, alipopata sehemu ambayo yeye ndiye wengi, alifanya yale yale. Vita vilimalizika mwezi Mei 2009. Wafu hukadiriwa kuwa kati ya 80,000 na 100,000.

Watanzania wanaposikia habari hizi hujipongeza kwa Kiswahili, na wana sababu. Rashidi Kawawa alipotangaza mwezi Januari 1967 kwamba Kiswahili kitumike katika kazi za serikali, hakuna kabila kubwa lililojiona limeshinda. Wasukuma, walio wengi kuliko wote, walijifunza kama wengine. Lakini kujipongeza kukizidi huziba masikio. Mtoto wa Kihadzabe au wa Kibarabaig aingiapo darasa la kwanza bila kujua neno la Kiswahili, akachapwa kwa kutojibu, haioni tofauti kati ya lugha ya taifa na lugha ya kabila jingine. Na Wabarabaig wa Hanang, ambao malisho yao yalitwaliwa katika miaka ya 1970 na 1980 kwa ajili ya mashamba ya ngano ya taifa, waliambiwa kwamba wafugaji ni kikwazo cha maendeleo. Hawakudai bendera. Walidai majani ya ng'ombe wao na makaburi ya wazee wao.

Sri Lanka yenyewe iliirekebisha Katiba mwaka 1987, ikatamka kwamba Kitamil nacho ni lugha rasmi. Jambo ambalo mwaka 1956 lingepatikana kwa kura za siku moja lilipatikana chini ya shinikizo la India, vita vikiwa vimekwisha kuota mizizi. Hata hivyo sheria kwenye karatasi ni nyepesi kuliko desturi ya ofisi. Tume iliyoundwa na Serikali baada ya vita ilitoa taarifa yake mwaka 2011. Kati ya mapendekezo yake mengi limo moja la kawaida kabisa: kwamba katika kila kituo cha polisi awepo, mchana na usiku, askari ajuaye lugha zote mbili, ili Mtamil aliyeibiwa aweze kuandikisha maelezo kwa maneno anayoyaelewa kabla ya kuyatia sahihi. Kitamil kilikuwa kimeitwa lugha rasmi kwa miaka 24.