Sweta ya Mtoto

Baridi kali ya Njombe huja Juni na Julai. Anayemfumia mtoto sweta aanze mapema.

Kwanza fuma kipande kidogo, ukipime kwa rula. Sentimeta 10 zina mishono mingapi? Tuseme 20. Kifua cha mtoto ni sentimeta 60. Ongeza 5 apate kupumua. Basi ni mishono 130: mbele 65, nyuma 65.

Mimi niliwahi kuiruka hesabu hii. Sweta ikamtosha mwanasesere! Kwa hasira nikaficha sindano mwezi mzima, na mtoto akaona baridi. Kisha nikaifumua, nikaanza upya kwa uzi uleule. Siku hizi nafuma mistari michache jioni, tukiongea. Mkono ukichoka, naacha.

Haya, shikeni kalamu. Kifua cha mtoto wako ni sentimeta ngapi?