Nani Aliwajibika kwa Abiria? Kuhusu Majina ya Mashirika ya Usafiri katika Kamusi Elezo



Nimeupokea mwaliko wa leo ili nipinge kanuni moja ambayo wahariri wa kamusi elezo huitaja kana kwamba haina mpinzani. Inasema hivi: shirika la usafiri wa umma lipewe makala moja, chini ya jina lake rasmi la sasa, na majina yote ya zamani yaelekezwe humo. Jinsi ukurasa unavyohamishwa na elekezo linavyowekwa, wengi wenu mnajua, sitakaa hapo. Nataka tuzitazame hoja za watetezi wa kanuni hiyo, moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza ni kwamba msomaji anatafuta kilichopo leo. Chukueni London. Mwaka 1933 iliundwa kwa sheria bodi iitwayo London Passenger Transport Board, ikakusanya mikononi mwake mabasi, tramu na reli za chini ya ardhi. Mwaka 1948, baada ya kutaifishwa, ikaja London Transport Executive chini ya British Transport Commission. Mwaka 1963 ikaja London Transport Board, iliyowajibika moja kwa moja kwa waziri. Mwaka 1970 dhamana ikahamia kwa halmashauri ya jiji, Greater London Council. Mwaka 1984 serikali kuu ikaipokonya halmashauri hiyo na kuunda London Regional Transport. Mwaka 2000 ikazaliwa Transport for London, iliyo chini ya meya. Muda mwingi kati ya 1933 na 2000 wakazi walisema tu "London Transport", na nembo ya duara jekundu ilibaki vituoni.

Sasa mpeni mwanafunzi makala moja iitwayo Transport for London, halafu mwulizeni habari za mwaka 1981. Mwaka huo halmashauri iliyoongozwa na Ken Livingstone ilishusha nauli na kutaka pengo lijazwe kwa kodi ya majengo. Manispaa ya Bromley, ambayo haikuwa na hata kituo kimoja cha reli ya chini ya ardhi, ilikwenda mahakamani, na Desemba majaji wa House of Lords wakaamua kwamba mpango ule ulikiuka sheria. Kesi nzima ilisimama juu ya sheria ya 1969: halmashauri ilikuwa na mamlaka gani juu ya London Transport Executive, jina la 1948 lililorudishwa chini yake, na shirika lile lilipaswa kuendeshwa kwa kuangalia gharama kiasi gani? Huwezi kuielewa hukumu ile pasipo kuijua taasisi iliyohusika. Mhariri akiielekeza taasisi hiyo kwenye jina la mwaka 2000, mhusika anatoweka na kesi inabaki bila mwenyewe. Kilichopo leo kilitokana na magombano ya namna hiyo. Anayekitafuta hakwepi kuyajua.

Hoja ya pili husema jina rasmi ni imara, haliyumbi. Hapa kwetu Dar es Salaam ushahidi ni mwingine. Mabasi ya jiji yaliendeshwa na kampuni ya DMT tangu enzi za ukoloni. Mwaka 1974, ikiwa tayari imetaifishwa, kampuni hiyo iligawanywa: UDA ikachukua usafiri wa jiji, KAMATA ikachukua safari za mikoani. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniletea insha kuhusu babu yake, dereva wa mabasi kabla ya Uhuru. Cheti cha utumishi alichoambatisha kilisema wazi "DMT". Lakini katika insha aliandika "UDA", kwa sababu alikuwa amesoma mahali kwamba DMT ni jina la zamani la UDA. Binti huyu hakuwa mvivu. Aliyaamini maelezo ya mtu mwingine kuliko cheti cha babu yake, na kwa kufanya hivyo akamhamisha mzee kutoka kampuni ya kibiashara ya enzi ya mkoloni hadi shirika la umma la Ujamaa. Mtoto akirithi jina la babu hageuki kuwa babu. Na shirika likirithi magari na gereji halirithi miaka ambayo halikuwapo.

Hata kifupisho rasmi hakitoshi kuwa nguzo. DART ya Dallas ni mamlaka ya usafiri iliyoanzishwa 1983. DART ya Dublin ni huduma ya treni za umeme iliyoanza 1984, na mwendeshaji wake ni shirika la reli. DART yetu ni wakala wa serikali ulioundwa 2007, miaka kadhaa kabla basi lake la kwanza halijabeba abiria, Mei 2016. Herufi ni zilezile nne, lakini moja ni mamlaka, nyingine ni huduma, ya tatu ni msimamizi.

Hoja ya tatu, ya uhaba wa wahariri, naiheshimu zaidi. Wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ni watu wa kujitolea na si wengi. Makala nyingi fupi huachwa bila mtunzaji. Ni kweli, na ndiyo maana sidai kila badiliko la jina lipewe makala. Toronto Transportation Commission ya 1921 ilipoitwa Toronto Transit Commission mwaka 1954, tume iliendelea kuwa ileile. Makala moja inatosha. Kipimo changu ni dhamana: je, aliyewajibika kwa abiria amebadilika? Kama amebadilika, makala mpya.

Kitabu kilichonithibitishia kipimo hiki ni *Taken for a Ride* cha Matteo Rizzo, kilichotolewa na Oxford University Press mwaka 2017. Nimekifundisha mara nyingi na bado sijachoka nacho. Rizzo anaanzia pale serikali iliporuhusu mabasi ya watu binafsi, yaani daladala, jijini Dar es Salaam mwaka 1983, kisha anauliza swali ambalo wachumi wengi walilipita: daladala ni ya nani, na dereva na kondakta wake ni nani kwake? Anaonyesha kwamba wengi wao hawakuwa wenye magari. Walimpelekea tajiri hesabu ya siku na kuishi kwa kilichobaki, mara nyingi bila mkataba wowote. Mwendo wa kasi, kujaza abiria kupita kiasi, kuwakataa wanafunzi wa nauli nafuu: yote anayasoma upya kama matokeo ya uhusiano huo wa kazi. Anafuatilia jinsi wafanyakazi hao walivyojaribu kuungana, kisha anaufikia mradi wa mabasi yaendayo haraka, yaani DART, na mvutano wake na wenye daladala. Ukimaliza kukisoma, huwezi tena kuiweka daladala kuwa aya moja mwishoni mwa makala ya UDA. Dhamana ilihama kutoka shirika la umma hadi kwa maelfu ya watu wasio na shirika, na jambo hilo linastahili makala yake.

Limebaki swali la jina. Makala ya wakala wa DART iitwe kwa jina la wakala: Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka. Huduma ya mabasi hayo je? Wenzangu wananiambia "Mwendokasi" ni neno la mtaani, halimo katika hati ya kuanzishwa kwa wakala, na huenda kesho likapitwa. Nimezipima hoja hizo. Jina rasmi lina ushahidi wa maandishi, nalo lazima liwemo katika sentensi ya kwanza. Hata hivyo abiria wa Kimara hasemi anapanda wakala. Anasema anapanda mwendokasi, na magazeti yanaandika vivyo hivyo. Huduma ni mali ya wanaoitumia, na jina waliloipa ndilo nitakaloendelea kulitetea kuwa kichwa cha makala.

Nawaomba basi, hasa ninyi vijana mnaohariri usiku baada ya kazi: kabla ya kuunganisha makala mbili za mashirika ya usafiri, tafuteni nani aliliunda kila shirika, kwa sheria ipi, liliwajibika kwa nani, na dhamana yake ilikwenda wapi. Majibu yakitofautiana, ziacheni makala zote mbili zisimame.